Zamu ya Maji ya Jumapili

Waliokuwepo siku ile nawakumbuka wote. Nilipoambiwa nisimame niligeuza kichwa nikawatazama mmoja mmoja, nikitafuta walau mmoja ambaye angesema hapana. Mbele alisimama mzee wa kanisa wa mtaa wetu, na koti lake jeusi alilolivaa hata jua likiwaka. Pembeni yake alikaa mwalimu wa kanisa, aliyetuongoza ibada mchungaji asipokuwepo, na mchungaji hakuwepo karibu kila Jumapili, kwani vita ilipoanza Waingereza waliwachukua wamishonari Wajerumani, na wachungaji wetu wachache wakagawana mlima mzima. Upande wa wanaume alikuwepo mzee wa mfereji, msimamizi wa zamu za maji, anasinzia. Alikuwepo seremala aliyetengeneza mabenchi. Walikuwepo vijana kumi na mmoja wa darasa la kipaimara, na wa tatu kutoka ukutani alikuwa mdogo wangu wa kiume. Upande wa wanawake walikuwepo wajane wawili wenye kitabu kimoja cha nyimbo, mkunga, mke wa mzee wa kanisa, mdogo wangu wa kike aliyeshika upindo wa kanga yangu, na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimenawa kabla ya kuja, lakini nilisahau vifundo vya miguu, na matope ya mfereji yalikuwa yamekauka pale, meupe kama majivu.

"Kuna nyumba katika mtaa huu," alisema mzee wa kanisa, "ambayo jembe lake halijui Jumapili."

Kisha akanitazama. "Simama, binti. Asubuhi hii umetoka wapi?"

"Nyumbani, Baba."

"Na hayo ya miguuni ni mafuta ya kujipaka?"

Watu walicheka. Seremala alicheka kuliko wote. Mimi naamini mtu anayecheka kanisani mwenzake anapovuliwa nguo ana hesabu yake ya kutoa, na sijabadilisha neno hilo mpaka leo.

Lazima nieleze habari ya maji, maana bila hiyo mtu atadhani nilikuwa msichana mkaidi tu.

Baba yetu alikufa kabla ya vita. Mama akafuata baada ya miaka miwili, wakati wa masika, kifua kikiwa kimembana. Nilikuwa darasa la tatu, maana kwetu wasichana walianza shule wakiwa wakubwa. Niliirudisha sleti kwa mwalimu, nikaifuta kwanza kwa kiwiko ili asione kwamba hesabu ya mwisho nilikuwa sijaimaliza. Tangu siku hiyo nilikuwa na kihamba, shamba la kuzunguka nyumba, chenye kahawa na migomba, ng'ombe mmoja, na wadogo wawili. Wajomba walitaka kutugawa, huyu aende huku na yule kule. Nilikataa. Nilisema atakayewataka hawa watoto atanichukua na mimi na ng'ombe na kihamba, na kwa kuwa hicho cha mwisho ndicho pekee walichokitaka, walikwenda zao.

Kwetu Meru kahawa inaishi kwa mfereji. Maji yanatoka kijitoni juu, yanapita kihamba kwa kihamba, na kila nyumba ina zamu yake mara moja kwa wiki. Zamu ikifika unaondoa magome ya mgomba na udongo unaoziba mlango wako, maji yanaingia. Ikiisha unaziba, yanakwenda kwa jirani. Zamu ya baba ilikuwa Jumanne mchana. Alikuwa nayo tangu mfereji uchimbwe, na waliouchimba ni yeye na babu.

Mama alipokufa, wazee wa mfereji walifanya kikao. Wanawake hawakai katika kikao hicho, na mdogo wangu alikuwa bado mtoto, kwa hiyo nyumba yetu haikuwa na mtu wa kuisemea pale. Mzee wa mfereji alinikuta njiani nimebeba majani ya ng'ombe.

"Zamu yenu sasa ni Jumapili," akasema. "Kuanzia alfajiri mpaka jua lipande."

"Baba, Jumapili ni siku ya ibada."

"Ndiyo maana iko wazi."

Alicheka, na wenzake wawili waliokuwa naye wakacheka. Jumanne yetu ilikwenda kwenye kahawa ya jirani yetu wa chini. Jirani huyo alikuwa mzee wa kanisa.

Kwa hiyo nilifungua maji Jumapili. Ningefanyaje? Zamu usiyoitumia inapita, unasubiri wiki nzima, na miche ya kahawa niliyokuwa nimeipanda haikujua amri za Mungu. Kila Jumapili kukiwa bado giza nilikwenda mferejini na jembe, nikafungua, nikaelekeza maji, nikaziba, nikanawa, nikawavika watoto, nikaenda kanisani. Nilifanya hivyo miezi minne na hakuna aliyeniuliza. Mzee wa kanisa alikuwa anapita kando ya ua wangu kila siku. Siku sita kwa wiki alipita akiniona, na hakuwahi hata mara moja kusema, "Binti, njoo tuzungumze." Alingoja mpaka kanisa limejaa.

Sisi sote tulifundishwa katika darasa la kipaimara kwamba ndugu akikosa unaanza kumwendea mwenyewe, faraghani, na unakwenda kama mtu anayejua kwamba kesho anaweza kuanguka yeye. Mzee yule ndiye aliyenifundisha. Alinikaririsha mpaka nikaweza.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenijia, naye ni mke wake. Alikuja Jumamosi moja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alikuwa na desturi hiyo tangu mama alipokufa. Alikaa jikoni kwangu, akamchana nywele mdogo wangu wa kike, kisha akasema polepole, "Mwanangu, mzee anajua kuhusu Jumapili. Amesema atalitaja mbele ya watu. Nenda kwake kabla hajalitaja, umweleze."

"Anajua kwa sababu ndiye aliyechukua Jumanne."

Hakuinua macho kutoka kwenye nywele za mtoto. "Najua," akasema.

Kisha alinieleza jambo ambalo alikuwa hajamweleza mtu. Mtoto wao wa mwisho alipougua degedege mwaka uliotangulia, na dawa za hospitali zikashindwa, mume wake alichukua maziwa siku ya soko la Ngaramtoni, watu wote wakiwa wamekwenda, akaenda migombani kwenye kaburi la baba yake. Mkewe alimwona kutoka mlangoni. Alimwona akimwaga maziwa ya tambiko na kusema na baba yake, huku analia. Mtoto alikufa siku mbili baadaye.

"Nakuambia ili usimwogope mno," akasema. "Ni mtu tu. Nenda uzungumze naye."

Sikwenda. Nilikuwa na hasira, na kusema kweli niliona kwamba yeye ndiye mwenye wajibu wa kuja kwangu.

Sasa turudi kanisani, mimi nimesimama na matope yangu. Mzee alitangaza kwamba nimetengwa. Nitakaa benchi la nyuma, sitakaribia Meza ya Bwana, mpaka nisimame mbele nitubu. Hilo ningelibeba. Lakini akaongeza, "Na nyumba iliyotengwa haitoi mtoto wa kubarikiwa kipaimara."

Nilimwangalia mdogo wangu. Masikio yake yalikuwa yamesimama kama ya mbuzi aliyesikia fisi. Alikuwa amebakiza wiki saba. Mama alikuwa amemkaririsha katekisimu akiwa kitandani, anakohoa, anamrudisha pale alipokosea. Na mwalimu wa kanisa alikuwa amesema kwamba akisha kubarikiwa atamwombea nafasi ya kusomea ualimu. Asiyebarikiwa hakuwa na nafasi hiyo. Mimi nilikuwa nimeacha shule ili huyu asiache. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho duniani ambacho kilikuwa kinakwenda mbele.

Nilikuwa na neno la kusema. Ningeweza kusema, "Baba, Jumanne yetu iko wapi?" Neno hilo lilikuwa langu, la kweli, na kila mwanamume mle ndani alilijua. Lakini hasira ilitaka kitu kikubwa zaidi.

"Mimi maji niliyapeleka kwenye kahawa," nikasema. "Wewe maziwa uliyapeleka wapi mtoto wako alipougua?"

Mzee wa mfereji aliamka.

"Nenda ukaliulize kaburi la baba yako," nikasema.

Mwalimu wa kanisa alisimama. "Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka kujibiwa, "ni kweli?"

Mzee wa kanisa hakunitazama mimi. Alimtazama mke wake, na palepale alijua maneno yametoka wapi. "Maziwa ni kazi ya wanawake," akasema. "Muulizeni yeye."

Yule mama alinitazama kwanza. Sikuona ukali usoni mwake. Ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo mahali akadhani pako sawa, kisha akasikia unaporomoka. Halafu akasimama, akafunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Ni mimi," akasema.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata tulikuwa wawili kwenye benchi la nyuma.

Benchi lile lilikuwa karibu na mlango, mvua ikija na upepo inakupata. Seremala hakulipiga randa. Labda aliona waliotengwa hawastahili ubao laini. Vibanzi vilikuwa vinachoma. Nilikaa ukingoni kabisa, mbali naye, nikitazama sakafu. Nilihisi kitu kikinigusa paja. Alikuwa ametandaza upindo wa kanga yake juu ya vibanzi upande wangu, na alikuwa ananisogezea.

"Kaa vizuri," akanong'ona. "Mdogo wako amefika wapi katika katekisimu?"

"Amri zote amemaliza, Mama."

"Msikilize jioni. Anapotea katika ya nane."

Ningependa kusema kwamba nililia. Sikulia. Nilimkasirikia. Angenipiga kofi ningelala vizuri usiku ule. Nilimkasirikia kwa kusimama badala ya mume wake, kwa kunitandikia kanga, kwa kutonipa nafasi ya kujitetea. Nyumbani kwake alikuwa hasemeshwi. Nilijua kwa sababu tunatenganishwa na ua mmoja tu, na sauti ya mzee ilisikika akiwaita kuku na ng'ombe na watoto, na yeye haitwi.

Jumapili ya tatu tulitoka pamoja. Nje walikuwa wananadi sadaka, mikungu ya ndizi na mayai, na mzee wa kanisa ndiye aliyekuwa mnadishaji, anataniana na watu kana kwamba hakuna lililotokea. "Nani anampa Bwana zaidi kwa jogoo huyu? Jogoo huyu ameokoka, anawika saa za ibada tu." Watu walikuwa wanacheka. Tulipita nyuma yao kama wezi.

Tulipofika mferejini alikaa kwenye ukingo akaosha miguu. Nilikaa naye. Akasema bila kunitazama, "Ulikuwa na Jumanne mkononi. Kwa nini hukusema Jumanne?"

Niling'oa nyasi za ukingoni.

"Jumanne ingemchoma yeye," akasema. "Ulilolisema lilikwenda likamchoma mtoto wangu, na yeye yuko chini ya udongo."

Akakung'uta maji miguuni, akasimama, akasema ng'ombe wangu anahitaji chumvi, nije kuchukua kidogo. Hilo ndilo lililokuwa onyo lake lote, la siku ile na la siku zote. Nimeonywa na watu wengi maishani, wengine kwa kuninyooshea vidole, wengine kwa sauti za kutikisa mabati, na sikumbuki walichosema. La yule mama nalikumbuka mpaka sauti ya maji.

Wiki ya saba mchungaji alikuja na baiskeli yake, siku moja kabla ya kipaimara. Alifikia kwa mwalimu wa kanisa. Yule mama alikwenda peke yake, bila kuniambia. Alimweleza mchungaji habari ya zamu ya maji, nani aliipanga na nani aliichukua. Mchungaji alimwita mzee wa mfereji na mzee wa kanisa, akafunga mlango. Hatukusikia kelele. Walitoka baada ya muda mrefu, na mzee wa mfereji alikuja kwangu moja kwa moja.

"Zamu yenu ni Alhamisi," akasema.

"Ya baba ilikuwa Jumanne."

"Alhamisi, binti. Usiombe na ngozi baada ya kula nyama."

Nilichukua Alhamisi. Nikaambiwa nimesamehewa bila kusimama mbele, kwa sababu nilisukumwa katika kosa, na mdogo wangu atabarikiwa kesho. Habari ya maziwa mchungaji hakuiuliza tena. Mama yule alikuwa amekwisha kukiri, na kilichobaki ni kutubu mbele ya watu.

Alitubu siku ileile ya kipaimara, kabla vijana hawajapiga magoti. Alitoka benchi la nyuma peke yake, akapita katikati, akasimama pale mbele. Alisema yeye ndiye aliyemwaga maziwa kaburini na anaomba radhi kwa Mungu na kwa kanisa. Mume wake alisimama hatua mbili kutoka kwake, ameshika kitabu, na koti lake jeusi. Hakupepesa macho.

Mimi nilikuwa benchi la tatu. Miguu yangu ilikuwa safi. Mdogo wangu alikuwa mbele, amevaa shati jeupe la kuazima lililomzidi mabega, na nyayo zake zilikuwa zimepakwa mafuta mpaka visigino. Nilijua kwamba nikisimama nikasema, "Si yeye," mchungaji atasimamisha kila kitu, atauliza, mzee atakana, mambo yatafumka, na huenda siku ile isiwe na kipaimara kwa mtu yeyote. Mdomo uliofunguka bila kuombwa, wakati wa kumuumiza mtu, sasa ulitakiwa ufunguke kumtetea mtu.

Nilikaa. Niliimba wimbo uliofuata, beti zote.

Mara nyingi nimeulizwa kwa nini nikisikia watu wanamsema mtu kanisani uso wangu unabadilika. Wanadhani nawakumbuka walionisema mimi. Ni kweli, nawakumbuka, na sijawasamehe kwa kiwango ninachotakiwa. Lakini hasira kubwa ninayo kwa yule msichana wa benchi la tatu.

Vita iliisha. Mdogo wangu alikwenda kusomea ualimu, akawa mwalimu. Mdogo wa kike aliolewa. Yule mama akaanza kudhoofu, na mwaka wa mwisho hakuweza kuinuka. Nilimpelekea mtori, nikamlisha kwa kijiko. Siku moja nilichukua pia jani la sale.

Mmeru anajua jani hilo, ndilo tunalopandia mipaka ya vihamba. Aliyekosa hulikata, akalifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea, na anayepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Mzee wa kanisa alikuwa analihubiri kuwa ni mambo ya kipagani. Nilimwekea mkewe mkononi.

Alicheka mpaka akakohoa. "Umeniletea upagani kitandani."

"Sina kingine, Mama."

"Lako nililipokea zamani, kabla hujalikata." Alilishika kidogo, kisha akanirudishia. "Hili mpelekee yeye."

"Yeye ndiye anayepaswa kuleta."

"Najua anayepaswa. Nenda umwambie. Ya Jumanne, ya maziwa, na ya kusimama kwangu. Mkiwa wawili tu, na uende polepole. Tangu nimfahamu hakuna aliyemwonya bila kumpigia kelele. Baba yake alimpiga, wamishonari walimfokea, wewe ulimtangaza. Mimi nilinyamaza, na hilo nalo si kumwonya. Atakufa hajaambiwa."

"Nikishindwa?"

"Utarudi nyumbani, utakwenda siku nyingine. Lakini usiende na hasira, mwanangu. Utaniharibia."

Niliahidi. Nilimshika mkono nikasema nitakwenda. Alikufa kahawa ikiwa bado mbichi mitini.

Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilifika kwenye ua, na ilikuwa Jumanne. Maji yetu yalikuwa yanaingia kwenye kahawa yake, yanang'aa. Niligeuka palepale. Mara ya pili nilimkuta na wageni. Mara ya tatu alikuwa peke yake, amekaa kwenye kigoda mlangoni, amekonda, lile koti jeusi limening'inia mabegani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Aliniangalia sana, macho yameanza ukungu. "Ni wewe? Bado unafungua maji Jumapili?"

Alicheka kwa fizi. Huenda ulikuwa utani wa mzee mpweke aliyetaka niketi. Huenda alikuwa anaufungua mlango kwa namna pekee aliyoijua. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu hapo. Lakini pale, jani likiwa ndani ya kanga yangu, nilisikia kicheko cha seremala, nikaona matope kwenye vifundo vyangu, na maneno yote ya upole niliyoyapanga njia nzima yakageuka mawe mdomoni. Nikajua nikiufungua nitamtupia. Nilimwambia nimekuja kumsalimu tu.

"Karibu tena," akasema.

Wiki hii wajukuu wake wanasema hali chakula. Jani lile limekauka juu ya dari yangu, na leo asubuhi nimekata jingine, nimelifunga fundo, nimeliweka mezani mbele yangu. Nimeshika kanga mara mbili nikaiweka chini. Kila nikijiuliza kama hasira imetulia, najikuta nimesimama tena kanisani mle, na matope miguuni.